Nilivyompeleka Mwanaidi Bunju Alipokikataa Chungu Changu

Nilitoka Kiwalani kwenda Bunju kwa sababu mwanangu Mwanaidi, mtoto wa miaka saba, alikuwa amegoma kula chochote kilichopita mikononi mwangu, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, wakati wa foleni. Sabuni foleni, unga wa njano foleni. Na mie nilikuwa ndani ya eda ya mume wangu, Saidi Mfaume, hata miezi miwili sijatimiza. Mjane akiwa edani haendi kulala ugenini. Mie nilikwenda.

Siku hizi wajukuu wananiambia kuna watu mjini wameacha nyama, samaki, mayai na maziwa kwa hiari yao, wanasema mwili unakuwa mwepesi. Sibishani nao. Kwetu jambo hilo liliingia na msiba, na anayetaka kujua lilivyokuwa nitamweleza toka tulipoondoka mpaka tuliporudi.

Chanzo ni nyama. Bucha la pale kwetu lilikuwa na kitu siku mbili, siku kumi halina. Siku moja akapita mtu na beseni kichwani, kafunika majani ya mgomba, anauza nyama nyumba kwa nyumba. Baadaye ikajulikana ng'ombe yule alijifia mwenyewe huko upande wa Tabata, wakampitisha kisu ameshakuwa wa baridi. Nikanunua, nikapika. Kwetu finyango ni za baba, mama na mtoto wanachovya mchuzi. Kwa hiyo mie na Mwanaidi tulitapika siku mbili tukapona. Saidi alikufa siku ya tatu asubuhi. Mtaa ule ule wakafa Mzee Athumani Kipara na Rukia, mke wa Juma fundi viatu.

Tangu matanga Mwanaidi akaacha nyama. Tukasema ni majonzi, yatapita. Akaacha samaki. Akaacha mayai, akasema yai ni kuku ambaye hajaanza kutembea. Maziwa nayo akayasukuma: "Yametoka ndani ya ng'ombe." Akabaki na ugali na majani ya kuchemsha kwa chumvi, na kila tukimwogesha mbavu zinahesabika.

Mama mkwe wangu, Bi Tatu binti Salumu, ambaye tulikuwa tunakaa nyumbani kwake, ndiye aliyetoa shauri. "Twanga uduvi uwe unga kabisa, changanya na mchicha. Atajuaje? Sie wote tumekuzwa na uduvi kwenye mboga." Uduvi ni vile vikamba vidogo vikavu, kila nyumba ya Pwani inavyo. Nikatwanga, nikachekecha, nikatia. Siku tisa mtoto akala, mashavu yakaanza kurudi, na Bi Tatu akawa anamtania, "Mke mwenza, naona unanenepa unataka kuninyang'anya bwana." Siku ya kumi Mwanaidi akanyoosha kidole mbele yangu.

"Mama, hiki kina jicho."

"Ni ufuta mweusi huo."

Akakigeuza kidole kwenye mwanga wa mlango. "Ufuta hauna macho."

Akanawa mikono, akatoka nje. Kuanzia hapo hakula kitu changu tena, hata maji alikwenda kuchota mwenyewe mtungini. Akaishi kwa machungwa aliyoyamenya yeye na ndizi alizozibambua yeye. Bi Tatu akasema mtoto hashindani na wazazi, tumlazimishe. Nikampakata, Bi Tatu akambana pua, tukammiminia maziwa. Yakarudi yote juu ya khanga zetu. Hakulia. Angelia nisingeogopa sana.

Nilimpeleka zahanati. Pale palikuwa na nesi mmoja wa kutoka Tukuyu, Anitha Mwakalinga, mwanamke mrefu mwenye mwanya. Akambonyeza Mwanaidi mguuni, shimo la kidole likabaki. Akasema huu ni utapiamlo, dawa yake ni chakula, na kama maziwa hayataki kuna mama mmoja Bunju anaitwa Somoe Nampoto, mtu wa Newala, walifanya naye mafunzo ya lishe. "Watoto wake wanne hawajui maziwa wala nyama, na ukiwaona wanavyokimbia utashangaa. Nenda ukajifunze. Usikawie, mama. Mtoto huyu hamalizi mwezi." Nikamweleza habari ya uduvi, akaandika barua nimpelekee Somoe.

Kiwalani, alfajiri. Nilimuaga Bi Tatu akiwa kwenye mswala.

"Ukitoka na eda ya mwanangu mwilini," akasema bila kugeuka, "usitegemee utanikuta nakungoja na maji ya kunawa."

"Mama, mtoto anakufa."

"Na Saidi naye kafa. Wewe unapunga upepo barabarani."

Mwanaidi alikuwa amekaa kitandani. Nikamwambia tunakwenda kwa mtu mwingine. Akauliza, "Wewe hutapika?" Nikamjibu jikoni sitaingia. Ndipo akashuka akatafuta ndara zake.

Tulitembea mpaka barabara ya Pugu, nimembeba mgongoni kama mtoto wa miaka mitatu, maana uzito wake ulikuwa huo. Basi likatufikisha Mnazi Mmoja. Pale mwanamke mmoja aliyekuwa anauza vitumbua alimwonea huruma akampa kimoja. Mwanaidi akamuuliza vimetiwa nini. Akatajiwa mchele, nazi, sukari na hamira. Akauliza tena, "Na yai?" Yule mama akacheka, akasema kijiyai kimoja tu, kwa ajili ya kushikana. Kitumbua kikarudi kwenye sinia.

Mwenge, saa nne. Mabasi ya kwenda upande wa Bunju yalikuwa machache na siku ile halikuja hata moja. Tulikaa juani mpaka saa sita, ndipo likapita lori linalokwenda kubeba mawe Tegeta. Dereva alikuwa mtu mzima wa Moshi, jina lake Elinami Mlay.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyo mtoto anaumwa? Pandeni mbele, huko nyuma vumbi litammaliza."

Njiani akatoa yai la kuchemsha kwenye mfuko wa shati, akamwekea Mwanaidi mapajani. "Kula, mjukuu."

"Sili."

"Yai? Kipindi hiki? Nikimwambia balozi wangu wa nyumba kumi kuna mtoto kakataa yai, atasema nimelewa."

Mwanaidi akamtazama. "Baba yangu amekufa kwa chakula."

 Mzee Mlay akalichukua yai lake, akalirudisha mfukoni, na kwa muda wote tuliokaa naye hakulila. Mbele kidogo akasimamisha, akamnunulia mua. Akataka kuukata, Mwanaidi akamuuliza kisu hicho kimekata nini kabla. Akampa mua mzima. Mwanaidi akaumenya kwa meno, polepole, na fizi zake zikatoka damu, kwa kuwa zilikuwa zimelegea. Mzee Mlay alipofika Tegeta hakuingia machimboni. Akatupeleka mpaka Bunju, akageuza.

Bunju, saa nane mchana. Wakati ule hapakuwa na mji. Palikuwa na mihogo, mikorosho, na nyumba za udongo zilizoachana mbali. Nilidhani nitamkuta mama wa makamo mwenye haiba yake. Nikamkuta mwanamke wa rika langu, mfupi, kajifunga kitenge kifuani, anawafokea watoto wake Fatu, Selemani, Zuhura na Ally kwa sababu wamepanda juu ya paa.

"Ndiye huyu?" akasema baada ya kusoma barua ya Nesi Anitha. "Mbona kama nguo iliyoanikwa. Karibuni. Nyama hakuna, msije mkanisema."

"Hiyo ndiyo iliyotuleta, bibi."

"Bibi nani? Niite Somoe. Kwetu Newala ng'ombe nimemwona nimeshaolewa. Nilimkimbia."

Nilikuwa nimepanga mambo kichwani njia nzima. Nikamwambia nimesikia uyoga ukiuchana vizuri na kuukaanga unafanana na nyama, mtu hatofautishi, na fenesi changa hivyo hivyo. Labda anifundishe hayo.

Akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa. "Mtoto anakimbia nyama, wewe unataka kumpa kinachofanana na nyama. Shoga, umechoka. Huyu mtafutie chakula. Cha kufanana waachie wenye hamu."

Kisha akamwita Mwanaidi jikoni. Nikanyanyuka niwafuate, akanizuia kwa mkono. "Wewe kaa pale ukutani."

Jiko lake lilikuwa la makuti, upande mmoja wazi, kwa hiyo niliwaona na kuwasikia.

"Mwanaidi, mie nina mikono miwili tu. Njoo uniangalizie. Hizi kunde, chagua, yenye tundu tupa."

Mtoto akachagua moja moja. Akainamia kinu, akanusa. "Kimetwanga nini?"

"Jana mahindi, juzi kisamvu, na mwaka juzi kidole changu. Hiki hapa, kimepinda."

Mwanaidi akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu matanga, na alikitoa kwa mtu mwingine.

Walipika kunde kwa tui la korosho. Somoe hakugusa kitu bila kukisema kwanza: hii chumvi, onja, haya mafuta ya ufuta, nusa, huu mwiko nausuuza, tazama. Mwanaidi akala sahani nzima, akaomba ukoko. Mie nilikuwa ukutani. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini kifuani niliwaka wivu mpaka nikaangalia pembeni.

Tulikaa Bunju siku nane. Mambo niliyojifunza pale ndiyo yaliyotulea baadaye, kwa hiyo nayataja. Korosho tulikaanga nje juu ya debe lililotobolewa, zikishika moto tunazimwagia mchanga, kisha tunazipasua kwa jiwe. Mafuta ya ganda lake yanaunguza, mpaka leo nina kovu hapa kwenye kiganja. Kiini unakiroweka, unakitwanga, unakikamua kwa kitambaa safi, unapata maziwa mazito meupe ya kutia kwenye uji wa ulezi. Kunde unaziroweka, unafikicha maganda, unatwanga na kitunguu na pilipili manga, unakaanga bajia. Mbaazi kwa nazi. Njugu mawe za kuchemsha, ambazo zikilala zinashibisha zaidi. Kisamvu kwa karanga zilizosagwa. Mlenda na ufuta. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kigeni kwangu. Nilivila vyote utotoni kama chakula cha siku ambayo hakuna kitoweo, ndiyo maana sikuwahi kuvihesabu kuwa chakula cha kumponya mtu.

Siku ya sita Somoe alimbonyeza Mwanaidi mguuni, ngozi ikarudi. Siku hiyo nikaona na mie sasa nina haki. Nikaushika mchi, nikakisogelea kile kinu ambacho Mwanaidi alikuwa ameweka karanga. Akaweka viganja vyake viwili juu ya kinu, akakifunika. Mchi ukabaki hewani.

"Mwanaidi, nakusaidia tu."

Hakuondoa mikono. Somoe alikuwa pale pale, hakumkemea. Akanichukua mchi, akanivuta mpaka nyuma ya nyumba.

"Nesi kaniandikia habari ya uduvi. Uduvi ni uongo mdogo, mtoto angeshausahau kwa hizi siku. Umemfanya nini kingine?"

Nilimwambia sijamfanya kitu. Akangoja. Alikuwa na tabia hiyo, ananyamaza mpaka wewe mwenyewe unachoka. Nikamwambia jambo ambalo sikumwambia hata aliyeniosha nilipoingia eda. Ile nyama ilinuka. Nilipoifunua kwenye majani harufu ilinipiga. Nikakamua ndimu mbili, nikaponda tangawizi nyingi, harufu ikafa. Saidi alikuwa hajala nyama tangu mfungo umalizike, na nilitaka akirudi kazini akute sahani ya mwanamume. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ananitazama nikikamua.

Somoe hakunipa pole. "Kwa hiyo anaogopa mikono yako, na ana sababu. Mwambie."

"Nimwambie nini? Nimwombe radhi mtoto wa miaka saba? Wapi umeona?"

"Sijaona. Basi muache hapa nimkuze na hawa wanne, mmoja zaidi hanishindi. Huyo ukirudi naye hivi hivi utamzika."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa tayari kabisa, na Mwanaidi naye angekubali. Usingizi haukuja siku mbili zile.

Bunju kurudi Kiwalani tulipata basi moja kwa moja mpaka mjini. Somoe alitufungia korosho, mbaazi, na njugu mawe kwenye kiroba, na akampa Mwanaidi mwenyewe akibebe. Aliniambia neno moja tu: "Usingoje afe." Nilitaka kusema tulipokuwa ndani ya basi, nikasema watu watasikia. Nilitaka kusema tulipokuwa Mnazi Mmoja, nikasema kuna kelele. Buguruni tulipita nikiwa naangalia nje. Mwanaidi alikuwa na njugu za Somoe kwenye pindo la gauni, akazila hadi zikaisha.

Kiwalani, saa kumi alasiri. Sanduku langu, mkeka, jiko la mkaa na sufuria mbili zilikuwa zimewekwa barazani. Bi Tatu alikuwa amekaa mlangoni, miguu kaikunjua, njia ya kuingia hakuna.

"Shikamoo, mama."

"Mtoto aingie. Wewe vitu vyako hivyo."

Mwanaidi hakuingia. Alikuwa na njaa, na mie sikuwa na mahali pengine. Nikawasha jiko pale pale barazani. Majirani walikuwa wakipita wanapunguza mwendo. Mama Shabani alisimama kabisa. Nikaroweka korosho kwa maji ya moto, nikasafisha mbaazi, nikafanya kama alivyokuwa anafanya Somoe, kila kitu nakitaja. Mbaazi zile zilikuwa hazijakauka sana, ziliiva kabla ya magharibi. Nikapakua. Mwanaidi akaitazama sahani, mikono kaikumbatia tumboni.

"Umeona vyote nilivyotia," nikamwambia.

"Hata siku ile niliona."

Mama Shabani alikuwa hatua tatu. Bi Tatu mlangoni, mama wa Saidi.

"Mama," akasema Mwanaidi, "ilinuka?"

Ningeweza kumwambia nyamaza, wakubwa wapo. Mtoto yeyote wa pale angenyamaza. Nikaiangalia ile miguu yake, nikajua nikisema nyamaza atanyamaza kweli.

"Ilinuka," nikasema. "Nilijua. Nikatia ndimu ili baba yako asisikie. Na uduvi niliutia mie, nikakwambia ni ufuta. Nisamehe, mwanangu."

 Bi Tatu aliinuka kwa kushika mwimo wa mlango, akasimama kidogo akinitazama mikono, sio uso. Kisha akaingia ndani na nikasikia komeo. Mpaka anakufa, miaka kumi na moja baadaye, hakusema na mimi, na msibani kwake wifi zangu hawakunipa nafasi ya kukaa. Sikuwalaumu. Usiku ule tulilala kwa Mama Shabani, na wiki hiyo hiyo Nesi Anitha akatutafutia chumba Tabata, nikamalizia eda yangu kwenye nyumba ya watu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale barazani, komeo lilipolia, Mwanaidi alisogeza sahani. Akachota mbaazi kwa vidole, akazinusa, akala tonge moja. Akakaa. Akala la pili. Aliimaliza akiwa ananiangalia, hakuangalia chakula hata mara moja.

Nilichojifunza safari ile ni kidogo, na kilinigharimu nyumba. Kunde, korosho na karanga zinamlea mtoto akawa mtu, nyama isipokuwepo. Mwanaidi ni shahidi; amezaa watoto sita, wajukuu anao, na hajagusa chenye damu tangu siku zile. Mie pia niliacha, siku ile ile, nikawa nakula anachokula. La pili nililojifunza ni gumu kuliko upishi. Mtoto alikuwa anajua, na mie nilidhani ninachomficha kinamlinda. Sijui kama alinisamehe. Hakusema, na sijawahi kumuuliza. Akija kunitembelea huku, hukaa jikoni kwanza, mpaka chakula kiive, ndipo tunahamia mkekani.